Mgeni Asiyekula Chenye Roho: Sahani ya Pili

Wiki nzima mmenisumbua. Sokoni, kwa kinyozi, hata kwenye foleni ya mafuta: "Yule binti kafa au hajafa?" Jamani, mimi ni mwandishi, si daktari. Tulieni niwaambie.

Nilimwacha Benite chini ya meza, kwenye mgahawa wa Mama Mwanvua pale Nyakabiga. Ijumaa, watu wametoka kuswali na njaa zao. Midomo ya binti imevimba, pumzi inapiga filimbi kooni, kijiko kimeanguka sakafuni. Alikuwa amekula maharage vijiko vitatu tu. Na Tajudini, fundi magari, amepanda juu ya benchi anapiga kelele neno moja ambalo mji wetu haujui kulisamehe.

"Sumu! Mutoto wa watu amelishwa sumu!"

Kama wewe gazeti hili umelipata leo kwa sababu umefungiwa mandazi, nakupa kwa kifupi, halafu usiniulize tena. Benite ni mtoto wa hapa hapa, wazazi wake wa Bukavu. Aliondoka ana miaka mitano, akakulia Ubelgiji, leo ana ishirini na saba. Hali nyama, hali samaki, hali yai, hanywi maziwa, hata asali hagusi. Kwao kule, anasema, unasoma karatasi mlangoni, ukiona alama ya jani unaingia, unakula, unakwenda zako.

Hapa jani hakuna. Siku sita amezunguka Bujumbura akiyahoji masufuria. Kibenga, kwenye hoteli ya ufukweni, viazi vilikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga samaki. Musaga, sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa na ndagala, visamaki vidogo vya ziwani. Na kila alipouliza, "Mumetia nini humu?" mwenye chungu alinuna. Kwa sababu kwetu, mgeni anayeuliza kilichomo chunguni amekwita mlozi mchana kweupe.

Aliishi kwa ndizi na karanga mpaka Mama Mwanvua alipomwonea huruma. "Mwanangu, mimi nitakupikia. Hakitaingia chenye roho, naapa kwa Mola." Akanunua sufuria mbili mpya. Akanunua chupa mpya ya mawese. Akapika maharage, akapika mboga ya lengalenga. Na haya ndiyo malipo yake.

Haya, turudi chini ya meza.

Wanaume wanne walimnyanyua Benite, mmoja kila kona, wakatoka naye mbio. Kliniki iko mitaa miwili mbele. Nyuma yao alikimbia Odette, shangazi yake, yule mama wa Kikongo anayeuza ndagala ng'ambo ya barabara. Alikuwa mguu mmoja na ndara, mguu mwingine mtupu.

"Mutoto wa kaka yangu! Yoo! Mutoto wa kaka yangu!"

Ndani ya mgahawa ikasikika sauti ya sahani kusukumwa. Moja. Ya pili. Zikasukumwa zote, pilau likiwa linatoa moshi bado.

Sulemani, shefu wa mtaa, alikuwa meza ya kona na paja la kuku mkononi. Alilirudisha sahanini polepole, akajifuta vidole.

"Mwanvua," alisema, "we unajua desturi."

"Naijua, shefu."

"Basi usingoje tukuombe."

Mwenye chungu huonja kwanza. Hata mgeni wa bia hapewi mpaka mwenyeji amekunywa funda. Na mtu akianguka juu ya chakula chako, unakimaliza chakula hicho mbele ya macho ya watu. Mama Mwanvua ana miaka hamsini na tatu, na thelathini kati ya hiyo amewalisha watu wa Nyakabiga, harusi na matanga. Leo watu hao hao wamemzunguka kama mwizi wa kuku.

Alivuta kiti. Akakaa mbele ya sahani ya Benite. "Bismillahi," alisema, akatia kijiko cha kwanza.

Watu walimtazama koo.

Akatia cha pili. Na hapo, ndugu msomaji, mkono wake ukasimama hewani.

Ndagala!

Si nyingi. Unga tu, zilizokaangwa zikatwangwa laini, zikapotelea kwenye mchuzi. Mtu mwingine angesema maharage matamu. Lakini ulimi wa Mwanvua haudanganywi. Yeye alipika maharage yale kwa kitunguu, nyanya, chumvi na mawese, basi. Nani alitia ndagala?

Akainua macho kuelekea mlango wa jikoni. Scholastique alikuwa amesimama pale, msaidizi wake wa miaka kumi na tisa, mkono mdomoni. Macho yao yakakutana. Scholastique akatazama sakafu.

Mwanvua aseme? Aseme nini? "Jamani, kuna kitu humu sikukitia mimi"? Angemaliza sentensi hiyo, Scholastique asingefika jioni akiwa na meno yake. Na yeye mwenyewe pia.

Akala. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akanywa maji, akasema "Alhamdulillah."

"Haya," Sulemani alisema. "Amekula."

"Amekula, halafu?" Tajudini akaruka kutoka kwenye benchi. "Shefu, mulozi anakufaga na sumu yake? Umeona wapi?"

"Kweli!" sauti ziliitikia. "Kweli kabisa!"

Ndiyo hivyo. Ukikataa kula, wewe mlozi. Ukila ukafa, mlozi amejimaliza. Ukila usife, wewe ndiye mlozi mkubwa wao. Niambie mtu angeponea wapi hapo.

Mwanvua akasimama. "Nataka kwenda kliniki."

"Apana! Hutoki!"

"Tajudini." Hakupandisha sauti. "We nimekulisha tangu unajifunza kufungua boliti. Nishike mkono huu. Nikikimbia, nivunje miguu. Lakini mi nakwenda kumuona yule mutoto."

Tajudini alimtazama shefu. Shefu akaitikia kwa kichwa: mpeleke.

Mitaa miwili, msomaji. Ni dakika sita. Mwanvua alisema baadaye kwamba hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Tajudini amemkaba mkono wa juu kama polisi, nyuma watu, mbele watu. Mama mmoja ambaye kila Ijumaa hupeleka nyumbani sahani mbili za pilau alimvuta mwanawe ndani na kufunga mlango. Huyo alimuuma kuliko waliomtukana.

"Mulozi uyo anapita!"

Hakugeuka. Alikuwa na neno moja tu kichwani: ndagala, ndagala, ndagala.

Kwenye mlango wa kliniki Odette alimpokea kwa kofi.

Paaa! Kilemba cha Mwanvua kikaenda upande.

"Juu ya nini?" Odette alilia. "Mutoto wangu alikukosea nini? Siku sita anakula ndizi kama nyani, anakuja kwako, anakuamini, we unamuua? Juu ya nini?"

"Odette, nisikilize..."

"Sitaki! Mulozi weye!"

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka Daktari Namegabe, jasho limeloanisha kola.

"Nyamazeni! Nani alipika?"

"Mimi, daktari."

"Njoo hapa. Mmeniletea mgonjwa mkiimba sumu, sumu. Sumu gani? Nimempa kile ninachoweza, anazidi kuvimba. Kuna sindano ingeweza kumfungua koo kama huu ni mzio, allergie. Lakini imebaki moja tu, na inakimbiza moyo. Nikiichoma kwa kubahatisha na kumbe ni sumu, nitakuwa nimemmalizia. Kwa hiyo niambie kweli. Alikula nini?"

Ukumbi wote ukamgeukia Mwanvua. Odette, Tajudini, wauguzi, mgonjwa mmoja aliyekuja kufungwa kidonda. Kutoka chumbani ilisikika ile filimbi ya pumzi, na sasa ilikuwa nyembamba zaidi.

Jibu lilikuwa moja, na lilikuwa la kujichongea kaburi. Alikuwa ameapa kwa Mola mbele ya watu kwamba hakuna chenye roho. Sasa aseme kilikuwemo.

"Maharage," alisema Mwanvua. "Kitunguu. Nyanya. Chumvi. Mawese." Akamtazama daktari machoni. "Na ndagala."

"Nini?" Tajudini aliachia mkono wake.

"Unga wa ndagala. Niliusikia kwa ulimi nilipokula ile sahani."

Daktari hakungoja. Alikuwa amekwishageuka, mlango ukabamizwa nyuma yake.

"We uliapa," Tajudini alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Uliapa mbele yetu sote. Nani alitia?"

"Jiko ni langu."

"Nauliza nani alitia!"

"Na mi nakujibu. Jiko ni langu."

Tajudini alitaka kusema tena, lakini macho yake yakamwangukia Odette. Odette alikuwa anateremka ukutani taratibu, mgongo ukikwaruza rangi, mpaka akaketi sakafuni.

"Ndagala," alisema. "Ilikuwa ndagala."

"Odette?"

"Na siku ile ilikuwa ndagala."

Dakika nne zilipita. Tano. Filimbi ikapungua. Ikakatika. Mwanvua alifumba macho akaanza kusoma dua, maana hakujua imekatika kwa heri au kwa shari.

Daktari Namegabe alitoka anajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Anapumua," alisema. "Si sumu. Si ulozi. Mwili wake haupatani na samaki, hiyo tu. Mama, ungechelewa kusema dakika kumi, ningekuwa nasaini karatasi nyingine."

Odette akaangua kilio, na hakikuwa kilio cha furaha peke yake.

Walimkuta Benite ameegeshwa kwenye mto, uso bado umejaa, macho madogo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Odette alipiga magoti kando ya kitanda.

"Benite, nikuambie kitu. Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, we, baba yako na mi. Siku hiyo hatukuwa na kitu. Nikakupikia bugali na ndagala. Ukavimba hivi hivi. Kaka yangu akasema nimekulisha sumu juu ya wivu, kwa sababu Mungu hakunipa mutoto. Akakubeba akaenda. Miaka ishirini na mbili! Amekufa bila kuongea na mi tena. Na mi sikujua. Hata mi mwenyewe usiku nilikuwa najiuliza, labda kweli mikono yangu iko na kitu kibaya."

"Tantine," Benite alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Baba hakununua samaki hata siku moja. Alisema sumu yako ilikuwa ndani ya samaki. Halafu nikiwa mukubwa nikaacha vitu vyote vya nyama, basi sikujua. Nimekuja kukuona uso. Nilitaka kujua kama uso wako ni wa mutu anaua watoto."

"Na ni wa namna gani?"

Benite alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Ni kama wa baba."

Hapo hata Tajudini, fundi mkavu yule, alitazama dirishani.

Odette alishika mkono wa Mwanvua akauweka kwenye shavu lake mwenyewe. "Wameniita mulozi, najua inavyoumaka. Na leo ni mi nimekupiga kofi. Nirudishie."

"Nitakurudishia siku nyingine," Mwanvua alisema. "Leo mkono umechoka."

Na sasa ungedhani mambo yameisha, eh? Funika gazeti, nenda ukalale. Lakini simu ya Tajudini ikalia.

Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaikata.

"Ni shefu. Watu wamejaa barabarani. Nimemwambia kwamba daktari amesema ndagala. Wamecheka. Wanasema, mutu anakufa na ndagala? Basi Bujumbura yote ingekuwa kaburini." Alikuna kichwa. "Na mi ningecheka, kama sikuona kwa macho. Shefu anasema hivi: aliyeanguka kwenye sahani yako, akirudi akala tena kutoka mkono wako, jina lako limesafika. Mpaka alasiri. Asipokula, Mama Mwanvua afunge jiko na ahame mtaa leo leo."

"Haiwezekani," alisema daktari. "Huyu anatakiwa kulala hapa mpaka kesho."

Benite alikuwa amekwishateremsha miguu.

"Dada, umesikia? Sindano ilikuwa moja. Moja! Mwili wako ukikutana tena na samaki leo, hata tone, sina cha kukupa."

"Tantine amebeba hilo jina miaka ishirini na mbili," Benite alisema. "Mama Mwanvua sitamuachia hata siku moja." Akamgeukia Mwanvua. "Lengalenga iko?"

"Iko. Hujaigusa bado."

"Nani alipika?"

"Mimi. Mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono huu."

"Basi nitakula."

Mwanvua alitangulia. Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akamkuta Scholastique amekaa juu ya gunia la mchele.

"Kwa nini, Scholastique?"

"Nisamehe, Mama."

"Nauliza kwa nini."

"Nilimuonea huruma." Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. "Mutoto amekonda, shingo kama ya ndege. Mgeni ametoka Ulaya, nimupe maharage matupu? Maharage matupu ni ya watu wa jela, Mama. Mama yangu alinifunza, mgeni akiona aibu kuomba, we mutilie bila kumwambia. Ndagala si nyama. Nilisema hata hatajua, atapata nguvu kidogo. Kiganja kimoja tu."

Mwanvua alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Angemlaumu nini, wakati nusu ya jikoni za mji huu zingefanya vile vile?

"Ulizinunua kwa nani?"

"Kwa Mama Odette. Kwani kwa nani tena?"

Mwanvua alifumba macho kidogo. "Sasa nijibu vizuri. Kwenye lengalenga ulitia nini?"

"Apana, Mama! Ile sikugusa. Hata kifuniko sikugusa. Naapa mbele ya Mungu na Bikira."

Alikuwa anasema kweli. Kumbukeni hilo, msije mkaniambia Scholastique ni mwongo. Lengalenga hakuigusa.

Saa tisa na nusu mgahawa ulijaa mpaka madirishani. Benite aliingia ameshikwa na Odette, na mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mabati. Wapo waliokwisha kusema amekufa na wanaficha maiti. Sasa maiti imekuja na miguu yake, na plasta ya sindano mkononi.

Alikaa kwenye kiti kile kile. Mwanvua akaweka sufuria mpya mezani, akapakua lengalenga, akaonja yeye kwanza, kijiko kizima, mbele ya wote. Ulimi ungemwambia, mtasema. Ulimi gani? Tangu saa saba mdomo wake ulikuwa na ladha mbili tu, ndagala na woga, na hakuna kingine kilichopita.

Benite akachukua kijiko.

"Ngoja," alisema Sulemani. Alipenda mambo yake yawe na sheria, huyu shefu. "Mbele ya watu hawa, Mwanvua, taja vilivyomo. Kimoja kimoja. Kisije kikatokea kitu kingine baadaye, ukaniambia ulimi."

"Lengalenga," alisema Mwanvua.

Benite akazamisha kijiko.

"Kitunguu. Nyanya mbili. Bilinganya moja."

Benite akanyanyua kijiko.

"Chumvi."

"Endelea."

"Na mawese. Ya chupa mpya. Nilinunua mwenyewe kwa ajili yake, haijakaangiwa kitu."

Nyuma yake kitu kilianguka. Lilikuwa sinia. Scholastique alikuwa ameliachia.

Alisogea mpaka nyuma ya bega la Mwanvua, akaushika mtandio wake, akauvuta kama mtoto. Alinong'ona, na ni Mwanvua peke yake aliyesikia.

"Mama. Ile chupa."

"Nini?"

"Asubuhi, kabla hujapika lengalenga, ilibaki nusu. Niliijaza. Kwa mawese ya kwenye kikaango."

"Kikaango gani?"

"Cha ndagala." Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Lakini niliyachuja, Mama. Na kitambaa kisafi. Ndagala nilizitoa zote, yalibaki mafuta tu. Sikuwaza kama mafuta..."

Kila siku ya Mungu jikoni yanachujwa mafuta yakarudi chupani. Nani anamwaga mawese? Mwanvua mwenyewe ndiye aliyemfundisha, siku ya kwanza kabisa alipoingia jikoni.

Aliinua macho. Kijiko cha Benite kilikuwa kidevuni. Binti alikuwa amefumba macho, kama mtu anayekunywa dawa chungu kwa ajili ya mwenzake.

Angeweza kusema "Usile." Watu mia wangesikia mpishi anamkataza mgeni chakula chake mwenyewe. Angeweza kukaa kimya. Miaka thelathini ya jina lake ilikuwa juu ya kijiko kile, na pengine hata lisingetokea jambo, pengine tone lile lisingetosha.

Hata tone, alisema daktari.

Mwanvua alirusha mkono. Kijiko kikaruka, sahani ikafuata, lengalenga ikatapakaa juu ya viatu vya shefu na shati jeupe la Tajudini.

Shefu aliinama kutazama viatu vyake.

"Mumeona?" mtu alipiga kelele dirishani. "Mumeona wenyewe? Anaogopa sumu yake!"

Benchi la kwanza likapinduka. Sulemani aliita, "Tulieni!" na hakuna aliyetulia. Odette alijitupa mbele ya Mwanvua mikono imefunguka, na jiwe la kwanza likapita juu ya kichwa chake likavunja kioo cha kabati.

Mwanvua hakuwatazama. Alikuwa amemshika Benite mashavu yote mawili, amemsogezea uso. Kwenye mdomo wa chini wa yule binti, pale kwenye uvimbe, palikuwa na rangi nyekundu ya mawese.

"Mwanangu," alisema, "niambie haraka. Umemeza?"